Uniite Tena

Marahaba, mwanangu.

Najua barua haianzi na jibu. Lakini hujawahi kuniona asubuhi ukapita bila shikamoo, na kule uendako sitakuwepo kukuitikia, kwa hiyo nakuwekea marahaba zangu humu, uzitumie kidogo kidogo. Afya sikuulizi. Leo nimekuona ukimaliza viazi na kisha kukomba sufuria.

Saa hii uko Dongobesh kwa shangazi yako, umekwenda kuaga, na ninavyomjua atakulisha mpaka jua lipungue. Mimi nimefunga mashine mapema. Mama mmoja amekuja na debe lake la mahindi nikamwambia leo hatusagi, mwanangu anasafiri kesho. Akaniuliza, "Sasa mwanao akisafiri sisi tusile?" Nikamsagia. Halafu ndiyo nikafunga, nikakaa juu ya gunia la pumba, nimeweka karatasi juu ya mizani.

Mambo ya soksi, pasipoti na kutolala na nywele mbichi mama yako ameshayamaliza, na usipoyashika atakuja Cape Town kwa miguu. Mimi nina jambo moja tu. Nataka uende na sauti yako mwenyewe, Tluway. Ninaogopa kwamba unaondoka na ile niliyokulazimisha mimi, na kwamba huko mbali, mbele ya watu na vinanda vyao, utakuwa bado unashindana na mashine yangu ya kusaga ya hapa kijijini Daudi.

Utajiuliza kwa nini sikusubiri urudi nikuambie kwa mdomo. Ni kwa sababu tukiongea unapaza sauti ili nikusikie, na mwalimu wako alikukataza kupaza. Juzi nimeona mishipa ya shingo yako imesimama kwa ajili ya kuniambia kwamba chai iko tayari. Nikasema moyoni, hapana, hili nitaliandika.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita? Ulikuwa mdogo, hujaanza shule. Nyumba yetu kigongo kile, mashine kigongo hiki kando ya barabara, katikati bonde na kijito chake. Chakula kikiiva mama yako alikutuma mpaka ukingoni, kwenye lile jiwe bapa tunapoanikia maharage. Unapanda, unaita, "Babaa!" Watoto wengine wakiita wanaishia hapo. Wewe ile "a" ya mwisho ulikuwa unaichezea. Unaipandisha, unaishusha kwa vingazi vidogovidogo, unaizungusha, halafu unairudisha juu kabisa na kuiacha huko. Wateja wangu walikuwa wanacheka. "Mtoto wako anaita au anashangilia harusi?" Mimi nazima mashine, natoka mlangoni, naitika "Ee!" kwa sauti yangu nene, na ng'ambo nakuona unarukaruka juu ya jiwe.

Unajua huku kwetu mtu akikuita kutoka ng'ambo ya bonde huna ruhusa ya kunyamaza. Hata kama mmegombana, unaitika kwanza, ugomvi baadaye. Asiyeitika amekutukana. Ndivyo baba yangu alivyonilea na ndivyo nilivyokulea, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma hata nisiyaelewe.

Kwa sababu miaka ilikwenda, na wewe ukaacha kuniita. Ndivyo nilivyoona. Nilidhani umekua, umekuwa na haya, au umekuwa mvivu tu kama watoto wote wenye miguu mirefu. Nikawa narudi nakuta ugali umepoa, na mama yako amenuna, na mimi nanuna pia. Hakuna aliyeuliza.

Halafu ikaja siku ya yule ng'ombe mwekundu. Alikuwa anazaa, ndama amekaa vibaya, mama yako peke yake zizini. Alikutuma uniite. Sikuja. Nilipofika jioni ndama alikuwa amekufa na ng'ombe amelala ubavu, na wewe umesimama pembeni.

"Kwa nini hukuniita?"

"Baba, si nimeita. Nimeita mpaka basi."

"Muongo wewe. Mashine ilikuwa imezimwa. Ulikuwa unacheza."

Nikakuchapa. Ulikuwa na umri wa mtu anayejua kama ameonewa au hakuonewa, na hukulia. Ulinitazama tu. Kuanzia siku ile hukuniita tena kutoka kwenye jiwe. Ukawa unashuka bonde lote, unavuka kijito, unapanda kigongo na jasho lako, unakuja kunisimamia mbele ya uso ndipo unasema, "Baba, chakula." Mimi, mjinga, nikaona nimekufundisha adabu.

Ngoja nikurudishe nyuma zaidi, kwa sababu ubaya wa jambo hili haukuanzia Daudi. Kazi ya mashine nilijifunzia Katesh nikiwa kijana, kwa Mzee Shabani, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa na mashine sokoni. Mzee yule kila asubuhi, kabla hajawasha injini, alikuwa akikata pamba, anaisokota, anaziba masikio yake. Sisi vijana tulimcheka mpaka machozi. Kila asubuhi alininyooshea vipande viwili na mimi, na kila asubuhi nilivikataa. Nilimwambia, "Mzee, mwanaume na pamba masikioni?" Akasema, "Kijana, mashine haina adabu. Haibishi hodi." Nilikuwa nasimama karibu na injini kuliko wote, kifua mbele, ili wasichana waliokuja na mahindi kutoka Balangdalalu wanione. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina. Mama yako nilimpata kanisani, penye utulivu.

Basi ujinga ule wa kijana ndio niliokuja nao kwenye sauti yako.

Katika ukoo wetu wanaume wameimba sauti ya nne, ile nzito ya chini kabisa. Babu yako aliimba sauti ya nne, mimi nikaimba sauti ya nne mpaka nilipoacha kwaya, na niliamini kwamba Mungu alipokuwa anagawa sauti aliweka ya kwanza na ya pili kwa wanawake, ya nne kwa wanaume, na ya tatu kwa wale ambao hajaamua. Wewe ulipovunja ungo wa sauti, kama wanavyotania wenzako, haikushuka ikabaki chini. Ilishuka kidogo, ikatazama huko chini, ikapanda tena. Mtu akipiga simu yako alikuwa anasema, "Samahani dada, naomba Tluway." Mimi nilikuwa nasikia aibu kuliko wewe. Nilikunywesha supu ya kwato. Nilikupa mayai mabichi na asali ya Yaeda Chini, ile nyeusi inayowasha koo, maana mtu aliniambia inaongeza uzito. Nilikwenda kwa Mwalimu Elia wa kwaya nikamwambia akuhamishie sauti ya nne. Alisema, "Mzee, huyu ni sauti ya tatu, tena ya tatu ya juu." Nikamwambia mtoto ni wangu, na akakuhamisha, kwa sababu ndiye niliyekuwa namsagia mahindi yake kabla ya wateja wengine.

Ukasimama nyuma na wazee, ukikunja kidevu ili uzifikie zile noti. Mimi kwenye benchi nilikuwa nakutazama tu mdomo unavyofunguka. Nilisema nyumbani, mbele ya wageni, kwamba sauti yako haina nyama. Nilisema hivyo, nakumbuka, na ulikuwa unamimina maji ya kunawa.

Halafu nikavumbua dawa yangu. Hakuna mtu mwingine Tanzania nzima angefikiria ujinga huu isipokuwa mwenye mashine ya kusaga. Nilikuleta hapa, nikakusimamisha pale karibu na mkanda, nikawasha injini, nikakuambia, "Imba. Siku nitakayokusikia juu ya hii, umekuwa mwimbaji." Ukaimba. Mimi nasimama mlangoni, nakupungia mkono, ongeza. Unaongeza. Nakupungia tena, ongeza. Wanawake wenye madebe walikuwa wanakuonea huruma, mmoja akanipigia kelele jambo ambalo sikulisikia. Ulifanya hivyo kila siku ya kazi, likizo nzima, na kila siku nilitikisa kichwa. Bado.

Mpaka asubuhi moja ulifungua mdomo kusema shikamoo na hakikutoka kitu. Pumzi tu.

Daktari aliangalia koo akasema vinundu vimeanza kuota, sauti imebebeshwa. Usiongee, usinong'one hata kidogo, mpaka atakaposema. Baridi yote ile nyumba yetu ilikuwa kama msiba. Ulikuwa unapiga makofi kuita ndama. Mama yako hakunifokea. Siku moja alikuwa anachekecha unga, hakuinua hata uso, akasema, "Umeisaga sauti ya mtoto." Akaendelea kuchekecha.

Sauti ilirudi taratibu, na Mwalimu Elia akakurudisha sauti ya tatu bila kuniuliza, na mimi sikuthubutu kusema. Ndipo ikaja ile semina ya kwaya pale Mbulu mjini na yule mama wa Afrika Kusini, Mama Thandi, mnene, mchangamfu, mwenye viatu vya kupandia mlima. Hilo la siku ile unalijua, lakini niache nilisimulie mwenyewe kwa sababu linanichekesha hata leo. Uliimba kipande chako peke yako. Mama Thandi akavua miwani, akasema neno moja, kwa nguvu: "Tena!" Nami kutoka kwenye kiti cha wazazi nikasimama nikapaza, "Mwanangu, mama anataka uimbe tena!" Ukaimba tena. Akasema, "Tena!" Nikasimama mara ya pili, "Tena, Tluway!" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mwalimu Elia ndiye aliyekuja kunivuta shati. "Mzee, tena ndilo jina la sauti ya tatu kwa Kiingereza." Sisi hapa tumezoea kuhesabu tu, ya kwanza mpaka ya nne. Nitajuaje?

Akaeleza, na mkalimani akatafsiri. Kwamba kuna tena nzito na kuna tena nyepesi, na yako ni nyepesi, inayoweza kukimbia juu na chini bila kujikwaa. Kwamba kuna opera, maigizo yanayoimbwa mwanzo mpaka mwisho, na ndani yake sauti kama yako hupewa vijana waliopenda, wale wa kupanda madirisha ya watu. Hilo mama yako hakulipenda. Kwamba wanaimba bila maikrofoni, mbele ya wapiga vinanda wengi. Hapo mimi nikainua mkono. Nikauliza, sauti nyembamba hivi itapitaje kelele zote hizo? Nilikuwa namaanisha, kama haikupita mashine yangu.

Mama Thandi akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia akacheka, akauliza magunia nashona na nini. Nikasema shazia, sindano ile kubwa. Akasema, "Je, unaweza kushona na mpini wa jembe?" Sauti ya mwanao ina ncha, akasema. Ndiyo maana inapita. Ukiilazimisha kuwa nene unaikata ncha. Halafu akakugeukia akasema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo, kwamba punda abebe, swala akimbie, na asiyejua yupi ni yupi atawaua wote.

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Lakini bado sikuelewa. Nilisema sawa, wataalamu wamesema, mimi siisikii hiyo ncha, labda ni mambo ya wasomi.

Sasa nakuambia usichokijua. Mama yako anajua, nilimwomba asikwambie.

Mwaka huu, wewe ukiwa Arusha unafuatilia viza, kulikuwa na mkutano wa kijiji juu ya ukataji miti. Mimi nikasimama, nikatoa hotuba. Nikasema, ndugu zangu, tumekata miti mpaka ndege wamehama Daudi, mimi nina miaka sijasikia ndege asubuhi. Watu wakanitazama. Mwenyekiti akatazama chini. Mama yako akanivuta nikae, akanisemea karibu na sikio, polepole, "Baba Tluway, ndege wako juu ya bati hapo. Wanalia tangu tulipofika."

Nilikwenda hospitali. Nesi akanivalisha vile visikilizio, akaniambia nikisikia mlio niinue mkono. Nikakaa vizuri, nikasubiri aanze. Nikasikia mlio mzito, nikainua. Mwingine, nikainua. Halafu kimya. Nikasubiri. Nikawa naangalia kalenda ukutani. Nesi akaja akanivua. Nikamwambia, "Mbona hujaendelea?" Akasema, "Mzee, tumemaliza."

Daktari alinichorea. Chini, kwenye sauti nene, nasikia kama kijana. Juu hakuna kitu, mashine imekula. Alisema vifaa vya masikio vipo, vitanisaidia kwenye mazungumzo, na nitavaa, lakini hakunidanganya kwamba vitarudisha kilichokwenda. Nikamuuliza, mtu akiimba tena nyepesi je? Akafikiri, akasema, "Utasikia kwamba anaimba. Ule mng'ao wake ndio hutausikia."

Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka wagonjwa wengine wakadhani nimepewa habari ya kifo. Nilikuwa nahesabu nyuma. Ndiyo maana niliipenda sauti ya nne, ndiyo pekee iliyonifikia. Ndiyo maana pale mlangoni nilikupungia mkono, ongeza, ongeza. Ungeweza kupasuka kifua na bado nisingekusikia, mwanangu, maana ulichokuwa nacho kilikaa palepale masikio yangu yalipokatwa. Na siku ya ng'ombe mwekundu uliita. Uliita mpaka basi, kama ulivyosema. Mashine ilikuwa imezimwa, na mimi nilikuwa nimekaa mlangoni napumzika, na wewe uko juu ya jiwe unaniita, na sikuitika.

Nisamehe. Nimetafuta namna nzuri zaidi ya kulisema na sikuipata.

Kwa hiyo nikusihi hili. Utakutana na watu huko watakaokuambia sauti yako nyembamba, haitoshi, ongeza. Wengine watakuwa na vyeo na suti. Kabla hujaongeza, jiulize huyo mtu masikio yake yamefanya kazi wapi. Inawezekana anakupenda, mimi nilikuwa nakupenda wakati wote nikikupungia mkono. Kupendwa na mtu hakumpi masikio. Na wewe pia, siku ukiwa mkubwa wa kuhukumu wengine, ukimwona mtu hana kitu, kwanza jipime. Ndilo nililojifunza, na nimelijifunza nimechelewa, kwa hiyo lichukue likiwa bado jipya.

Ile video uliyotutumia baada ya usaili wa chuo chako cha opera cha Cape Town, ya wimbo wa Kitaliano, mama yako huiweka kila jioni akiwa anachambua maharage. Mimi nikiweka simu sikioni nasikia kama nyuki ndani ya kibuyu. Basi nimeacha kuiweka sikioni. Nakaa mkabala naye, nautazama uso wake. Kuna mahali anaacha mikono juu ya ungo, nyusi zinapanda, hapo najua umeanza kupanda. Kuna mahali anatabasamu haraka haraka, hapo najua unakimbia vile vingazi vyako. Mwishoni anajifuta kwa kanga. Wimbo wote naujua sasa. Lakini nina wivu naye, sitakuficha. Sauti yako ya utu uzima sijawahi kuisikia. Niliyonayo kichwani ni ya mtoto juu ya jiwe la maharage, na naishikilia sana, na siku nyingine nikiwa peke yangu hapa, mashine imezimwa, namsubiri yule mtoto aite.

Huko ukichoka, ukishindwa, rudi. Hakuna atakayekuuliza opera imeishia wapi. Utatukuta hapa hapa, na vitunguu swaumu vyetu, na ukungu wetu.

Barua hii nitakupa mkononi jioni, uisome kabla ya kulala, kwa sababu kesho nina ombi. Mjomba wako atabeba begi. Mama yako amesema havuki kijito, hataki kulia mbele ya kondakta. Na mimi nimeamua sitavuka. Kesho mashine haitawashwa. Basi linasimama hapa mlangoni kwa mashine, utakuwa umesimama mahali nilipokuwa nikisimama mimi, na mimi nitakuwa kule kwako, juu ya jiwe bapa, na mama yako kando yangu.

Kabla hujapanda, uniite. Usipaze, usiongeze, usikunje shingo. Ita kwa sauti yako nyepesi, kama zamani, na ile "a" ya mwisho uichezee unavyotaka. Mama yako atakuwa ameweka mkono begani kwangu. Ukianza ataniminya, na ukimaliza ataniachia, nami nitaitika kwa sauti ya nne mpaka abiria wote wageuke.

Na kama kwa machozi yake atasahau kuniminya, ukaona nimesimama tu kimya, usidhani nimekunyamazia. Uniite tena.

Baba yako